Kijana mwenye fedha kidogo asianze na bunduki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu kijana aliyeuliza wiki mbili zilizopita ni bunduki gani ya easofti itamfaa mtu mwenye fedha kidogo. Jibu alilopewa lilikuwa la mstari mmoja: achukue ya bei ya chini kabisa, akishazoea atanunua nzuri. Nimeusoma mstari ule mara tatu, na kila mara nimegeuka kutazama meza yangu ya kazi. Hapo zimelala bunduki nne zilizonunuliwa kwa ushauri wa namna hiyo hiyo, zinangoja niwaambie wenyewe kama zitapona. Mbili hazitapona, na ndiyo maana naandika.

Kwa wasomaji wasioujua mchezo wenyewe: easofti ni mchezo wa timu. Wachezaji hubeba bunduki zilizochongwa kwa sura ya silaha halisi, lakini zinarusha gololi za plastiki za milimita 6. Anayepigwa hukiri mwenyewe, huinua mkono na kutoka. Gololi haiachi alama ya rangi, kwa hiyo mchezo mzima unasimama juu ya ukweli wa mchezaji, na hilo ndilo lililonifanya niupende japo umri wangu si wa kukimbizana vichakani.

Mimi ni fundi wa redio. Nimeshika chuma cha kulehemu kwa miaka 31, na macho yalipoanza kuchoka nikaiacha kazi ya kila siku. Bunduki hizi zimenifuata nyumbani kupitia kwa mpwa wangu. Alikuja jioni moja na boksi refu kwapani, akaliweka mezani bila hata kukaa. "Shikamoo mjomba. Hii haipigi tena, na sijaichezea hata siku moja."

Kijana yule alikuwa ameweka akiba miezi 11. Aliponunua, alichukua bunduki ndefu ya gesi, chuma tupu, ile ambayo kila ukifyatua sehemu ya juu inarudi nyuma na kwenda mbele kama ya kweli, na bega linahisi mshtuko. Bei yake ilimeza akiba yote. Kilichobaki kilitosha kopo moja dogo la gesi. Siku ya kwanza uwanjani msimamizi akamwuliza miwani ya kinga iko wapi, naye akatoa miwani ya jua. Akarudishwa, na mimi namshukuru msimamizi yule mpaka leo. Bunduki ikalala chini ya kitanda ikingoja fedha ya miwani, fedha ya magazini ya pili, yaani kibebeo cha gololi na gesi, fedha ya gesi. Alipoitoa baada ya miezi mingi na kujaza gesi, magazini ikalia ssss mkononi mwake mpaka ikaisha. Vipete vya mpira vilivyoziba gesi vilikuwa vimekauka na kupata nyufa.

Vipete nilivibadilisha. Ni kazi ya nusu saa, na tone la mafuta ya silikoni. Lakini miezi 11 ya kujinyima sikuweza kuirudisha. Kwa hiyo nilikaa naye, tukachukua karatasi, tukapanga upya. Bunduki ile akaiuza. Mpango tulioupanga jioni ile ndio ninaotaka kumpa kijana wako.

Gawanya fedha uliyo nayo mafungu kumi. Mawili ni ya macho na uso. Mawili ni ya betri, chaja na magazini ya ziada. Moja ni la gololi. Bunduki ni matano yaliyobaki, wala si zaidi. Ukikuta bunduki unayoitamani inakula mafungu manane, hiyo si saizi yako kwa sasa, hata muuzaji akuapie.

Naanza na macho kwa sababu hayana vipuri. Bunduki nyingi za mchezo huu hurusha gololi ya gramu 0.20 kwa mwendo wa mita 100 hivi kwa sekunde, au futi 330 kama inavyoandikwa kwenye maboksi. Ukipiga hesabu unapata nguvu ya jouli 1. Mguuni jouli 1 ni kama kuumwa na nyigu, alama nyekundu inabaki siku mbili. Kwenye jicho inaweza kuleta upofu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Miwani ya kinga ya kiwango cha Ulaya, EN 166, hupigwa chapa ya herufi. Herufi F maana yake kioo kimejaribiwa kwa kipira cha chuma cha gramu 0.86 kikienda mita 45 kwa sekunde. Nilipiga hesabu ya kipira kile: ni jouli 0.87. Yaani miwani ya F, ambayo imeandikwa kiwango na imepigwa mhuri wa kweli kabisa, imejaribiwa kwa nguvu iliyo chini ya ile ya bunduki ya kawaida ya easofti. Herufi B ni mita 120 kwa sekunde kwa kipira kile kile, na hapo unazungumzia zaidi ya jouli 6. Nunua B, iliyoziba pande zote na yenye mkanda wa kuzunguka kichwa. Kwa kiwango cha Kimarekani tafuta alama ya Z87+, yaani Z87 ikifuatiwa na alama ya kujumlisha. Alama iwe imechongwa kwenye kioo chenyewe au kwenye fremu. Karatasi iliyobandikwa kwenye boksi haitoshi.

Mpwa wangu aliniletea miwani aliyodhani inatosha, ile ya mafundi wa useremala, myepesi, isiyo na chapa yoyote. Sikumbishia. Nilivaa miwani yangu, nikaifunga ya kwake kwenye gunia la mchanga, nikamwambia asimame nyuma yangu naye amevaa miwani nyingine ya kinga. Nikafyatua kwa umbali wa hatua mbili. Gololi ya kwanza iliacha doa jeupe. Ya pili ikapasua kioo kutoka katikati hadi pembeni, na kibanzi chembamba kama ukucha wa mtoto kikadondoka ndani, upande ambao jicho lingekuwa. Alikiokota akakiweka kwenye kiganja, akakitazama muda mrefu. Hatukubishana tena habari ya mafungu mawili.

Kuna miwani ya wavu wa chuma isiyoshika ukungu, na ni ya bei nafuu. Wengi wanaipenda kwa sababu ukungu ndani ya kioo ni kero ya kweli, unalazimika kuvua, na kuvua uwanjani ndiko kunakoumiza watu. Lakini gololi mbovu ikigonga wavu hupasuka, na vipande vidogo hupenya. Mimi wavu nauweka mdomoni tu, kulinda meno. Machoni nataka kioo kizima, na ukungu nitaufuta kwa dawa yake.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze bunduki. Ziko za aina tatu kwa jinsi zinavyosukuma gololi, na kila aina ina namna yake ya kula fedha.

Ya springi unaikoki kwa mkono kila risasi. Haina betri, haina gesi, gharama yake inaishia dukani. Kama unachotaka ni kulenga makopo na kujifunza kushika silaha kwa adabu, inatosha kabisa, na simwonei haya mtu yeyote anayeanzia hapo. Uwanjani, mbele ya watu wanaopiga mfululizo, utachoka haraka.

Ya gesi ndiyo inayoteka roho za vijana, na naelewa kwa nini. Inatikisika, inanguruma. Lakini kila mfyatuo unalipiwa. Gesi ya kopo ambayo wachezaji huiita gesi ya kijani kwa kweli ni propani iliyochanganywa na mafuta kidogo ya silikoni. Aina nyingine hutumia kichupa cha kaboni dioksidi cha gramu 12 ambacho kikiisha unakitupa. Halafu gesi inavyogeuka kutoka maji kuwa hewa hunyonya joto. Piga risasi 15 mfululizo kisha shika magazini: imekuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Magazini ikipoa, msukumo unashuka, risasi za mwisho zinadondoka karibu. Siku ya baridi ni hivyo tangu asubuhi. Kuna jambo jingine ambalo nimeliona mezani kwangu: mtu ana bastola iliyoundwa kwa propani, anaona vichupa vya kaboni dioksidi ni rahisi kupatikana, anabadilisha magazini tu. Katika joto la kawaida la chumba propani husukuma kwa shinikizo la baa 8 hivi, kaboni dioksidi hukaa kwenye chupa kwa zaidi ya baa 50. Vali hupunguza, ni kweli, lakini bastola nyepesi haikuumbwa kwa kipigo kile, na slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, hupasuka mbele, pale chuma kilipo chembamba.

Iliyobaki ni ya umeme, na ndiyo ninayomshauri kijana. Mota ndogo ndani ya kishikio huzungusha gia tatu, gia huvuta pistoni nyuma dhidi ya springi, kisha huiachia. Pistoni ikirudi mbele husukuma hewa, hewa husukuma gololi. Mzunguko huo unaweza kurudiwa zaidi ya mara 10 kwa sekunde moja.

Kampuni ya Tokyo Marui ya Japani ndiyo iliyotoa bunduki ya kwanza ya mfumo huu mwaka 1991, kwa umbo la FAMAS, bunduki ya kijeshi ya Kifaransa. Nawataja kwa sababu moja inayohusu mfuko wako. Giaboksi walizobuni, yaani masanduku yanayoshika gia na pistoni, ziliigwa na watengenezaji wengi waliofuata, hasa zile zinazoitwa toleo la 2, ambalo limo kwenye bunduki za umbo la M4 na MP5, na toleo la 3, ambalo limo kwenye AK na G36. Matokeo yake pistoni, springi, gia na mota za kampuni moja mara nyingi huingia kwenye bunduki ya kampuni nyingine, pengine kwa kupiga tupa kidogo. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu mwenye fedha kidogo liwe: ndani mna giaboksi ya toleo gani? Akijibiwa la 2 au la 3, ajue vipuri vitapatikana kwa miaka. Akijibiwa kwamba ni ya kipekee, ya kampuni yenyewe, airudishe rafuni taratibu. Bunduki mbili kati ya hizi nne mezani kwangu zitakufa kwa sababu hiyo tu. Gia ya plastiki imekatika jino moja, na gia ya kipimo kile haiuzwi popote.

Ukiniuliza majina, nitasema AK za CYMA, M4 za G&G na za Specna Arms zimepita mikononi mwangu na nimekuta ndani kazi ya heshima kwa bei yake. Mpwa wangu alichukua AK ya CYMA yenye mwili wa plastiki. Alinung'unika kwamba si chuma. Nilimwambia chuma cha nje hakipeleki gololi popote. Fedha ya mwili wa chuma ingetolewa kwenye fungu la betri au la miwani, na hapo sikuwa tayari kumruhusu.

Niruhusu nikae kidogo ndani ya giaboksi, maana ndiko ninakokujua. Ukifungua skrubu na kutenganisha makombe mawili, kwanza bana springi kwa bisibisi ndefu, la sivyo inaruka mpaka ukutani na vipande vidogo vinatawanyika. Itazame pistoni. Ina mstari wa meno ubavuni kama kitana. Pistoni nzima meno yake yana pembe kali. Pistoni iliyochoka, jino la kwanza limelika likawa mviringo, na la pili linafuata. Chanzo chake karibu kila mara ni betri. Bunduki ya bei ya kiasi imepangwa kwa betri ya lipo (lithiamu polima) ya volti 7.4, au ya nikeli ya volti 8.4. Kijana anasikia kwamba volti 11.1 inapiga haraka zaidi, anaichomeka. Gia zinarudi kuvuta kabla pistoni haijamaliza kufika mbele, zinakutana katikati ya njia, jino linakatika.

Halafu tazama swichi iliyo nyuma ya kifyatulio. Ni vipande viwili vya shaba vinavyogusana. Mkondo wote wa mota unapita hapo, na kila unapoachia kidole, cheche inaruka kati yao. Mimi nimeisoma cheche hiyo miaka yote kwenye swichi za redio: kwanza shaba inapata madoa meusi, kisha inapoteza mguso, kisha unafyatua mara tatu ndipo inaitika mara moja. Dawa yake ni transista ya mosfeti, kipande kidogo kuliko kucha ya kidole gumba. Mkondo mkubwa unapita kwenye transista na shaba inabaki kubeba ishara tu. Fundi yeyote wa redio anaweza kukulehemea, na ndilo badiliko la kwanza ningelifanya kwenye bunduki ya umeme ya bei nafuu. Bunduki nyingi mpya za bei ya kati tayari zinalo kutoka kiwandani, uliza.

Pia angalia bushi, vile viviringo vinavyoshika ncha za gia. Zikiwa za plastiki, zitapanuka, gia zitayumba, utasikia mlio wa kusaga. Zikiwa za chuma umepata bunduki ya kuzeeka nayo.

Kuhusu chaja, nasema kwa ukali kidogo. Chaja inayokuja bure ndani ya boksi mara nyingi haijui betri imejaa, inaendelea kusukuma umeme mpaka uichomoe mwenyewe. Kwa betri ya nikeli unaweza kuponea. Kwa lipo ni hatari ya moto. Seli moja ya lipo isipite volti 4.2 na isishuke chini ya 3.0, na seli zote ndani ya betri moja zisawazishwe wakati wa kuchaji. Nunua chaja inayosawazisha. Chaji ukiwa macho, juu ya kigae au ndani ya sanduku la chuma, kamwe si kitandani. Betri iliyovimba kama mto haitengenezeki, na usijaribu kuitoboa. Betri unayoiweka bila kuitumia, iache kwenye volti 3.8 kwa kila seli. Mpwa wangu ana betri aliyoitunza hivyo kwa miaka mitatu, na nikiipima bado haijachoka.

Gololi watu huzinunua wakiwa wamefumba macho, na hapo ndipo bunduki nyingi nzima huharibika. Gololi nzuri ni ya kipenyo cha milimita 5.95. Mtutu wa ndani wa bunduki ya kawaida una kama milimita 6.08. Nafasi yote inayobaki ni 0.13, unene ambao ni vigumu hata kuuona. Gololi ya bei ya kutupa ina mshono mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ipitishe kwenye ukucha, utausikia. Mshono huo ukichanganyika na joto na vumbi, gololi inakwama kwenye mtutu, ya nyuma yake inagonga, nozeli, kile kijibomba kinachosukuma gololi mtutuni, inavunjika. Nimevuta mtutuni gololi 9 zilizobanana za kijana mmoja aliyejaribu kuokoa fedha ya mfuko mmoja. Usiokote gololi chini ukazitumia tena, hata ukiziosha. Na zile za gramu 0.12 zinazotupiwa bure ndani ya maboksi ni za bunduki dhaifu za springi. Kwa ya umeme anza na 0.20, ukizoea nenda 0.25.

Hapa ndipo nataka kumwondoa kijana kwenye tamaa ya nguvu, maana maboksi yanaandika mwendo kwa herufi kubwa kuliko kitu kingine chochote. Nguvu nyingi si umbali mrefu. Juu ya mwanzo wa mtutu kuna kijipande cha mpira kinachoitwa hopapu, kinaigusa gololi mgongoni inapopita na kuizungusha kinyumenyume. Mzunguko ule ndio unaoibeba gololi hewani ikaenda karibu mstari mnyoofu. Bunduki ya jouli 1 yenye mpira mzuri wa hopapu na gololi ya 0.25 itaishinda ya jouli 1.5 yenye mpira mgumu mbovu, na mpira huo ndio kipuri cha bei ndogo kuliko vyote ndani ya bunduki. Isitoshe, nguvu ya ziada unaweza kukatazwa kuitumia. Japani tangu sheria ya 2006 kikomo ni jouli 0.98. Uingereza sheria ya 2017 iliweka 1.3 kwa zinazopiga mfululizo na 2.5 kwa zinazopiga moja moja. Viwanja vingi hupima kila bunduki kwa kronografu, chombo cha kupima mwendo wa gololi, kabla ya mchezo, na iliyozidi inabaki nje pamoja na mwenyewe.

Iliyotumika ni njia nzuri ya kubana matumizi, mradi uikague. Tazama vichwa vya skrubu: vikiwa vimelika, imefunguliwa mara nyingi na mikono isiyojua. Omba ipigwe moja moja mara 10 mbele yako, kisha nusa kishikio. Harufu ya vanishi iliyoungua ni mota inayokufa. Tazama kiunganishi cha betri kama plastiki imeyeyuka. Chungulia mtutu kwenye mwanga, magazini na betri vikiwa vimetolewa na gololi ya mwisho imepigwa nje. Muuzaji akikataa mojawapo, ondoka.

Lipo jambo moja ambalo lingepaswa kutangulia hata miwani, nami nimeliweka mwisho kwa sababu ni zito. Kabla ya kulipa chochote, nenda ukaulize sheria ya mahali ulipo. Kuna nchi ambako bunduki hizi huuzwa kama mpira wa miguu, kuna ambako zinahitaji kibali, na kuna ambako kuziingiza ni kosa. Zinafanana mno na za kweli. Tarehe 22 Novemba 2014, huko Cleveland, Marekani, mtoto wa miaka 12 alikuwa kwenye bustani ya umma na bastola ya easofti. Ncha ya rangi ya chungwa inayoitambulisha kuwa si silaha ilikuwa haipo. Polisi walifika, na ndani ya sekunde chache alikuwa amepigwa risasi. Alifariki siku iliyofuata. Kila kijana anayeniletea bunduki mezani namsimulia habari hii kabla sijashika bisibisi. Ncha ya rangi usiitoe. Bunduki isafiri ndani ya mkoba uliofungwa, betri na magazini nje yake, na isionekane barabarani, dirishani wala kwenye kiti cha gari. Mkoba huo nao una bei, uutoe kwenye fungu la uso na macho, kwa kuwa kazi yake ni ile ile.

Mpwa wangu sasa anacheza kila mwisho wa mwezi. AK ile imebadilishwa springi mara moja na mpira wa hopapu mara mbili. Miwani aliyonunua siku ile ya gunia ina makovu ya gololi kwenye kioo, nimeyahesabu, ni manne, na moja liko mbele kabisa ya mboni ya kulia.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Siku nyingine msomaji akiuliza bunduki ya bei nafuu, jibu lenu lichapwe pamoja na alama ya miwani anayopaswa kuitafuta, herufi B, hata kama nafasi iliyobaki ni ya mstari huo mmoja tu. Na kijana aliyeuliza, kama bado hajanunua, aniandikie kupitia ukurasa huu ataje ana fedha kiasi gani ya kugawa mafungu kumi. Nitamsaidia kupanga, na akishanunua, giaboksi nitamfungulia bure mara ya kwanza ili aone mwenyewe kilichomo.

Wako,
Fundi wa redio mstaafu